Mkeka Unaopiga Kengele

Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno sita ya leo: waya, betri, kengele, swichi, njia, uzito. Yasomeni pamoja, kwa sauti, mara moja. Nitangoja.

Vyema. Na wewe ambaye hukuweza kufika darasani leo, ukaletewa karatasi hii nyumbani, usione haya kusoma polepole. Redio haiwezi kurudia neno, lakini karatasi inaweza. Rudi nyuma kila unapotaka.

Somo letu ni la kazi ya mikono. Tutatengeneza swichi. Si ile swichi ya ukutani ambayo unaibonyeza kwa kidole taa ikawaka. Swichi yetu italala chini kama mkeka, nje, gizani. Atakayeikanyaga ndiye atakayeiwasha bila kujua, na kengele italia mahali ulipolala wewe.

Itakufaa nini? Ninyi wa Mbwera, wa Msala, wa Kiongoroni, na ninyi wa Kibiti wenye mashamba kule bondeni, hamna haja ya kuuliza sana. Mnajua maana ya dungu. Lakini wako wasikilizaji wa mahali pengine, basi niwaeleze kidogo. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga au mahindi, chenye ngazi na paa la makuti. Mkulima hukaa humo akilinda mazao. Mchana hufukuza ndege na nyani. Usiku hungoja nguruwe mwitu.

Zamani watu wengi wa bonde la Rufiji walikaa karibu na mashamba yao. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na baada ya hapo serikali ikawahamishia watu wengi katika vijiji vya upande wa juu, mbali na maji. Nyumba zikapanda juu, mashamba yakabaki bondeni, maana rutuba iko bondeni. Kwa hiyo mpunga unapokaribia kuiva, watu hufunga mizigo, huchukua sufuria na watoto, na kwenda kuishi madunguni kwa majuma mengi.

Kulinda usiku ni kazi ngumu. Nguruwe hana saa. Mkulima aliyelima mchana kutwa hawezi kukesha usiku kucha, naye akisinzia kidogo tu, kundi la nguruwe linaingia. Asubuhi anakuta mpunga umelala chini, umekanyagwa na kutafunwa, na chakula cha mwaka kimepungua kwa usiku mmoja.

Liko jambo kubwa kuliko mpunga. Kati ya mwaka 2002 na mwaka 2004, simba mmoja aliua watu wasiopungua 35 katika Rufiji. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Rufiji. Simba huyo alipouawa mwezi wa Aprili 2004, alikutwa na jino bovu lenye usaha mwingi. Mwaka 2005 wataalamu wanne, Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir, walichapisha habari za simba wa Tanzania. Walionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini. Tena waliona kwamba pale penye nguruwe mwitu wengi ndipo simba walipowashambulia watu zaidi. Fikiri mwenyewe sababu yake. Nguruwe humfanya mkulima alale shambani. Nguruwe huyo huyo ni chakula cha simba, na simba humfuata. Basi mkulima na simba hukutana mahali pamoja, usiku, kwa ajili ya mnyama mmoja.

Ndiyo maana nataka uwe na kengele. Mtu anayesikia kishindo gizani, asijue ni nini wala kiko wapi, hushuka ngazi kwenda kutazama. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwenye kengele hubaki juu. Anajua kwamba kitu kizito kimepita pale alipotega mkeka, na anaanza kupiga debe na kumulika tochi akiwa juu ya dungu.

Haya, sasa tuuelewe umeme kabla ya kushika waya.

Umeme wa betri hutoka upande mmoja wa betri na hurudi upande wa pili. Upande wenye chuchu ya chuma tuuite kichwa. Upande ulio bapa tuuite kitako. Ukitoka kichwani, umeme unataka njia ya chuma ya kupita: waya, bati, shaba, msumari. Ukipata njia nzima mpaka kitakoni, unasafiri, na ukiikuta kengele njiani, unailiza. Ukikuta njia imekatwa, hata kwa nafasi ndogo kama unene wa ukucha, unasimama.

Wazee mnakumbuka kivuko cha Ndundu, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ilifika mtoni ikaishia hapo. Ng'ambo ya pili barabara ilianza tena kwenda Lindi. Magari yalijipanga huku na huku, kila dereva ana mafuta na nguvu ya kwenda, lakini hakuna wa kupita mpaka pantoni ije. Swichi ni mahali kama Ndundu ya zamani. Ni mahali ambapo tumeikata njia kwa kusudi. Anayekanyaga mkeka wetu analeta pantoni, umeme unavuka, kengele inalia. Akiondoa mguu, njia inakatika tena, kengele inanyamaza.

Swichi za namna hii unazo karibu nawe kila siku. Mwenye bodaboda akikanyaga breki, taa nyekundu ya nyuma huwaka. Mguu wake haukuwasha taa, umefunga njia tu. Katika gari kuna nyingine ya ajabu kidogo, inayofanya kinyume. Injini ikiwaka, oili husukuma swichi ndogo na kuikata njia, na taa ya oili huzimika. Oili ikiisha nguvu, njia hujifunga na taa huwaka kumwonya dereva. Lakini hiyo si kazi yetu leo.

(Mwalimu wa darasa: simamisha hapa. Mwite mwanafunzi mmoja achore ubaoni betri, waya na kengele, kisha afute kipande cha waya kwa kidole. Waulize wenzake: kengele italia?)

Sasa vifaa. Utahitaji ubao mmoja bapa, urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40 hivi. Kipande cha bati kinachotosha kufunika ubao huo, na debe tupu la mafuta ya kupikia la kukatakata. Kipande cha sponji ya godoro kuukuu, unene wa nusu ya kidole. Mpira laini kama tyubu ya gurudumu la gari. Waya wenye nyuzi mbili, kama ule wa spika za redio, mrefu wa kutoka njia ya nguruwe mpaka juu ya dungu. Betri nne za tochi. Na kengele ndogo ya umeme, ile inayolia piii. Mafundi redio wanayo, na mafundi pikipiki pia. Mwambie fundi ilie kwa betri nne, yaani volti 6, naye aijaribu mbele yako kabla hujatoa fedha.

Anza na ubao. Tandaza bati juu yake, lipige kwa nyundo hadi lilale sawasawa, kisha ligongee misumari midogo pembezoni tu. Pembezoni, nasema, maana kichwa cha msumari kikikaa katikati kinaweza kugusa bati la juu na kufunga njia wakati hujataka. Sugua uso wote wa bati kwa msasa mpaka ung'ae. Kama huna msasa, tumia mchanga mkavu na kitambaa. Usiione kazi hii ni ya urembo. Rangi haipitishi umeme. Kutu hupitisha vibaya. Makopo na madebe mengi yamepakwa dawa ndani, nayo huonekana kama chuma kitupu, lakini huzuia umeme kabisa. Watu wengi hushindwa hapa, kisha hulaumu betri.

Chukua sponji, ikate iwe sawa na ubao. Toboa matundu ndani yake, kila moja upana wa mdomo wa glasi ya chai, kwa mistari iliyonyooka. Matundu yawe karibu karibu. Ilaze sponji juu ya bati.

Sasa kata debe kuwa vipande virefu, kila kimoja upana wa vidole vitatu. Angalia mikono yako, makali ya debe hukata kama wembe, basi kunja kingo zake na uzipige nyundo zilale. Sugua vipande hivyo pia. Vipange juu ya sponji, kila kipande kipite juu ya mstari mmoja wa matundu. Halafu viunganishe vyote kwa waya mmoja wa shaba uliomenywa. Toboa kila kipande kwa msumari, pitisha waya, uzungushe mara mbili, kunja pembe ya bati juu yake na kuigonga. Hapo huna haja ya risasi ya kuchomelea.

Juu ya vyote laza mpira, na vipande vya debe vishonee kwenye mpira ili visitembee. Mpira uwe mpana kuliko ubao, uweze kukunjwa chini na kupigiliwa misumari upande wa chini. Usiuvute sana. Ukiuvuta, sponji itaminyika yenyewe na kengele italia bila mgeni. Mkeka wangu wa kwanza ulifanya hivyo. Niliuvuta kwa nguvu nikijiona fundi, ukalia usiku kucha, na jirani zangu hawakunisemesha asubuhi.

Basi umepata mkeka wa tabaka nne: bati chini, sponji yenye matundu, vipande vya debe, na mpira juu. Mguu ukikanyaga, sponji hulala, vipande vya debe hushuka ndani ya matundu na kugusa bati. Mguu ukiondoka, sponji hufura tena na kuvitenga.

Kuunganisha ni rahisi. Uzi mmoja wa waya ufunge kwenye bati la chini. Uzi wa pili ufunge kwenye ule waya wa shaba wa vipande vya debe. Peleka nyuzi zote mbili mpaka dunguni. Huko juu panga betri nne kwa mstari, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Uzi mmoja kutoka kwenye mkeka ugusishe kitako cha mwisho. Uzi wa pili uende kwenye waya mweusi wa kengele. Waya mwekundu wa kengele uende kwenye kichwa cha kwanza cha betri. Kama kengele hailii mkeka ukikanyagwa, geuza nyaya za kengele kwanza, kabla ya kufikiri jambo jingine.

Hapa nakuomba usikilize sana. Lazima kengele iwe njiani siku zote. Usiunganishe betri na mkeka peke yake, bila kengele. Umeme ukipata njia isiyo na kazi, hupita mwingi mno, waya hupata moto, na dungu lako limeezekwa makuti. Betri ya gari au ya sola ni hatari zaidi kwa jambo hilo, basi tumia betri za tochi. Na umeme wa nyumbani, ule wa nguzo, usiuguse kabisa kwa kazi hii. Wako watu waliotandaza nyaya za umeme huo shambani ili kuua nguruwe, na waliokufa wakawa watoto na jirani. Mkeka huu ni wa kengele tu, usiufunge na kitu kingine chochote.

Sasa tuupime uzito. Nguruwe mwitu mzima hufika kilo 60 na kuzidi, lakini hasimami juu ya mkeka kwa miguu yote. Hukanyaga kwa mguu mmoja au miwili, na kwato lake ni dogo. Kwa sababu hiyo panga fito nyembamba juu ya mpira, kila fito ikatize juu ya matundu mengi, ili popote kwato litakapotua uzito uenee. Kisha jaribu. Weka juu ya fito kipande cha mti, kidogo kama kwato, na juu yake simamisha ndoo. Tia maji lita kwa lita. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kengele ikilia ndoo ikiwa na lita 10 hivi, mkeka ni mzuri. Ikilia kwa lita moja, hata panya buku na ndege watakuamsha, basi ongeza unene wa sponji au punguza upana wa matundu. Ikikataa mpaka lita 20, fanya kinyume.

Je, mkeka uwekwe wapi? Nguruwe ana desturi. Huingia shambani kwa njia ile ile kama hakufukuzwa. Tafuta nyayo zake asubuhi, udongo ukiwa bado laini. Ziba kwa miiba sehemu nyingine za wigo, acha mlango mmoja, na hapo mlangoni lala na mkeka wako, ninamaanisha mkeka ulale, si wewe. Ufunike kwa majani makavu kidogo. Mkeka wa pili, kama una vifaa, uweke chini ya ngazi ya dungu. Huo wa ngazi ndio ningeutengeneza kwanza mimi, kama ningekuwa na vifaa vya mmoja tu. Mpunga utalimwa tena mwaka ujao.

Ninyi wa delta mna adui mwingine, nayo ni maji ya chumvi. Maji ya mvua hupitisha umeme kidogo tu, lakini maji ya bahari yanayopanda na bamvua katika vijito vya mikoko hupitisha vizuri. Mkeka ukilowa maji hayo, kengele hulia yenyewe, kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha moja kwa moja. Chumvi ikikauka huacha kutu, na baada ya majuma machache mkeka hunyamaza kabisa. Kwa hiyo uingize mkeka wote ndani ya mfuko wa nailoni, ufunge mdomo, waya utokee upande wa chini. Uweke juu ya tuta, si ndani ya jaruba. Na mara moja kwa mwezi ufungue, uutazame, uusugue tena.

Betri hazitumiki wakati kengele imenyamaza, kwa kuwa njia imekatwa. Seti moja ya betri mpya huweza kukaa msimu mzima, kama hukusahau kitu juu ya mkeka. Lakini usiziamini bila kuzijaribu. Kila jioni, kabla ya kupanda, kanyaga mkeka kwa mguu wako na usikie. Ukisahau kufanya hivyo, utalala ukimtegemea mlinzi ambaye huenda amekufa.

Kengele ikilia usiku, fanya hivi. Usishuke. Mtoto asishuke. Piga debe, paza sauti, mulika tochi kuelekea kwenye mkeka ukiwa juu. Waite jirani wa dungu la pili wapige madebe yao. Kengele haimfukuzi mnyama, na simba haogopi piii ya fundi redio. Kazi yake ni kukuamsha wewe na kukuambia mahali. Kama ni mkeka wa ngazi uliolia, ngazi yenyewe ivutwe juu, ikiwa ni ya kuvutika. Asubuhi, jua likiwa limetoka, ndipo ushuke na wenzako mkatazame nyayo. Zikiwa za simba, habari ifike kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo, naye awaite watu wa wanyamapori.

Na jirani wote waambiwe mkeka uko wapi. Mtu anayerudi kutoka ngomani usiku, akakanyaga na kusikia kengele na madebe juu ya kichwa chake, hatakusamehe upesi.

Kazi ya darasa ni hii. Gawanyikeni watu wanne wanne. Kila kundi litengeneze mkeka mdogo, ukubwa wa daftari mbili, kwa betri mbili na glopu ya tochi badala ya kengele. Glopu ikiwaka mkeka ukikanyagwa, mmefaulu. Isipowaka, msiifungue yote kwa hasira. Tazameni kwanza mahali waya unapogusa bati, kama mmesugua. Kisha kila mmoja aandike katika daftari sentensi nne: mkeka wetu umetengenezwa kwa nini, ulilia kwa lita ngapi za maji, ulikataa wapi, na tuliutengeneza vipi.

Wale wenye dungu, nileteeni barua. Andikeni kengele ililia mara ngapi kwa juma moja, na asubuhi mlikuta nyayo za nani. Nitazisoma hapa redioni, bila majina kama hamtaki yatajwe. Kwaherini.